Nimnyoe paka wangu wa manyoya marefu, au nimpeleke Lushoto?

Swali: Daktari, shikamoo. Naishi Chumbageni hapa Tanga. Kaka yangu ni baharia, na mwaka jana alituletea paka dume wa aina ya Maine Coon, akiwa bado mtoto. Sasa ana miezi 11 na mzani wa dukani unasoma kilo 6 na nusu. Tunampa ugali na dagaa, na samaki mbichi akipatikana. Nyumba yetu ni ya bati bila dari, na mchana kutwa hulala kwenye sakafu ya koridoni miguu minne imenyooka. Kwapani manyoya yamejifunga mafundo magumu kama kokwa. Majirani wanasema nimnyoe wote. Mama mkwe ana pumu na anasema unyoya wa paka ukiingia kifuani hautoki. Shangazi yangu yuko Lushoto, kule milimani kwenye baridi, yuko tayari kumchukua. Je, paka huyu anaweza kuishi Tanga? Halafu akicheza sana huwa anahema mdomo wazi, sijui ni kawaida. Kuna cheti cha chanjo alichokuja nacho, ila lugha yake siisomi.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi, nami nitaanza na lile uliloliweka karibu na mwisho kana kwamba ni dogo: kuhema mdomo wazi.

Mbwa akitoa ulimi na kuhema, hiyo ndiyo njia yake ya kupunguza joto. Paka hana desturi hiyo. Paka mchanga aliyekimbizana na kamba mchana wa kaskazi anaweza kuhema nusu dakika kisha akafunga mdomo, na nikimwona mara moja sishtuki sana. Lakini ukiniambia ni Maine Coon, ni dume, na kwamba jambo linajirudia, nashtuka. Aina hii ina ugonjwa wa moyo wa kurithi. Ukuta wa moyo hunenepa kuelekea ndani, chumba cha kushika damu kikabaki kidogo, na moyo ukawa unapiga kwa bidii huku unasukuma kidogo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliipata kasoro yenyewe kwenye jeni inayoitwa MYBPC3 katika paka wa aina hii hii. Paka anaweza kuwa na ugonjwa huo huku anakula, anacheza na manyoya yanang'aa, na hata daktari akimsikiliza kifua asisikie lolote. Kinachoonyesha ni altrasaundi ya moyo.

Sikwambii kwamba wako anao. Nakwambia tuhakikishe, na kazi ya kwanza unaweza kuifanya wewe usiku huu. Akishalala usingizi hasa, kaa karibu naye na simu, tega dakika moja, uhesabu. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Paka mzima aliyelala hupumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Andika namba hiyo kwenye daftari, rudia kwa siku tano. Ikipita 30 kila mara, usingoje miadi, mlete. Na ikitokea siku akapiga ukelele ghafla, akawa anaburuta miguu ya nyuma na nyayo zake ni za baridi ukizigusa, hiyo ni damu iliyoganda na kuziba mshipa. Hapo ni kumkimbiza kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa joto. Maine ni jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, mahali pa theluji na baharini, na kila kitu kwenye mwili wa paka huyu kimekatwa kwa kipimo cha huko. Manyoya ya mabegani ni mafupi, ya tumboni na ya mapaja ya nyuma ni marefu, kwa sababu hapo ndipo theluji inapogusa. Vidoleni ana vishungi vya manyoya vya kumfaa kukanyaga barafu. Mkia ule mnene anajizungushia usoni akilala. Na chini ya manyoya yale marefu unayoyaona kuna tabaka la pili, laini kama sufi. Hili la pili ndilo linalompa joto, na ndilo linalokufungia mafundo.

Kuna jambo ambalo wafugaji wengi wa hapa kwetu hawaambiwi. Paka hapukutishi manyoya kwa kuhisi joto peke yake, mwili wake husoma urefu wa mchana. Huko Maine mchana wa Juni unauzidi wa Disemba kwa zaidi ya saa sita, hivyo mwili unapata amri iliyo wazi: sasa vua, sasa vaa. Tanga tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na mchana wetu mrefu na mfupi hupishana kwa kama nusu saa tu. Amri haiji. Paka wako anavua kidogo kidogo mwaka mzima, unyoya uliokufa unabaki umenaswa kwenye tabaka la chini, unachanganyika na unyevu wa hewa yetu, unasokotana. Kwa hiyo kazi ambayo kule inafanywa na majira ya mwaka, huku itafanywa na mkono wako. Ukilikubali hilo, paka huyu anaishi Tanga vizuri. Nawajua wanaoishi, tena wamezeeka hapa hapa.

Majirani wanaosema unyoe wote nia yao ni njema, lakini sikubaliani nao. Unyoya wa mgongoni unamkinga na jua kama unavyomkinga na baridi, na ngozi ya paka iliyozoea kufunikwa ni nyembamba, huungua upesi. Tena ukinyoa leo, manyoya huchukua miezi kadhaa kurudi, mara nyingi minne hadi sita, na yanaporudi huwa hayalingani na yanajifunga zaidi kuliko mwanzo. Ninachokubali, na ninachowafanyia wengi kila Disemba kabla joto halijakaza, ni kunyoa tumbo, kwapa, kinena na kuzunguka njia ya haja. Sehemu hizo ndizo anazozilaza sakafuni kupoza damu, basi zikiguse kigae zenyewe bila godoro katikati. Mgongo, ubavu na mkia viache.

Usimpeleke kwa kinyozi wa mtaani. Mashine ile hupata moto, na ngozi ya kwapa la paka inaungua kabla hata kinyozi hajahisi. Pia kuna mapunye, yale yale ya vichwani mwa watoto. Paka wenye manyoya marefu huyabeba sana, wakati mwingine bila kuonyesha hata doa, na wembe ule ule ukipita kwenye kichwa cha mtoto wa mtu utakuwa umempelekea maradhi.

Mafundo ya kwapani usiyakate kwa mkasi. Hili nalisema kwa uchungu. Nilipokuwa kijana kazini nililikata fundo la paka mmoja wa Ngamiani, nikavuta kidogo ili mkasi uingie vizuri. Ngozi ilikuwa imepanda ndani ya fundo, nami nikaikata pamoja na manyoya. Nilimshona nyuzi tatu huku mwenyewe amesimama ananitazama. Tangu siku hiyo sijashika mkasi kwa kazi hiyo. Mafundo magumu kama kokwa nitayatoa kwa mashine yenye meno madogo, kwa dakika chache. Yaliyo laini utayafungua mwenyewe hivi: shika fundo kwenye mzizi kwa vidole viwili, karibu kabisa na ngozi, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako usimfikie yeye. Nyunyiza wanga wa mahindi kidogo, ule wanaopikia uji wa watoto na kastadi, kisha lichambue kutoka nchani kuja ndani, sio kutoka mzizini kwenda nje. Poda ya kujipaka usiitumie, maana atairamba.

Vifaa si vya gharama. Chanuo la chuma lenye meno mapana ndilo la kila siku, na kitana cha chawa ni cha kuwindia viroboto shingoni na juu ya mkia. Brashi laini ya nywele inapita juu tu, inampendeza jicho, chini mafundo yanaendelea kukua. Dakika kumi kila siku zinatosha, na ni bora kuliko saa nzima Ijumaa kwa Ijumaa. Chagua wakati yeye mwenyewe amechoka, baada ya kula jioni, mlaze kwenye kanga mapajani. Anza shingoni ambako wote wanapenda, nenda ubavuni, halafu mapaja ya nyuma, na kwapa na tumbo yaje mwisho. Akianza kutikisa ncha ya mkia, acha. Ukimlazimisha leo, kesho akiliona chanuo tu atakuwa juu ya kabati. Ana miezi 11, bado umri wa kufundishika, na aina hii ina moyo mpole kuliko ukubwa wake. Wanakua polepole, miaka mitatu hadi mitano ndipo mwili unakamilika, kwa hiyo huyo uliye naye bado ni kijana mwenye mwili wa mtu mzima.

Kumwogesha, mara moja kwa mwezi inatosha, kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya paka. Ile dawa ya kuulia vijidudu ya rangi ya kahawia, ambayo ukiimimina majini yanakuwa meupe kama maziwa, isimguse kabisa. Ini la paka haliwezi kuisafisha, naye akijiramba anaimeza. Lakini hata maji safi yana hatari yake kwa paka wa manyoya haya, nayo ni kutokauka. Umewahi kuona godoro la sufi lililonyeshewa? Juu limekauka, ndani linanuka wiki nzima. Tabaka lake la chini ni hivyo hivyo, na katika unyevu wa masika ngozi iliyolowa siku mbili inatoa vidonda na ukungu. Mwogeshe asubuhi ya siku kavu, mkaushe kwa taulo mbili au tatu kwa kubonyeza bila kusugua, kisha mchane mbele ya feni hadi ukitia kidole kwenye mzizi wa unyoya usihisi ubaridi. Kama mvua imekamia siku hiyo, ahirisha.

Feni hiyo hiyo nataka uielewe vizuri. Sisi tukipulizwa tunapoa kwa sababu tuna jasho mwili mzima. Paka anatoka jasho nyayoni tu. Anachofanya kwenye joto ni kujiramba, mate yakikauka yanampunguzia moto, na hewa yetu yenye maji mengi hairuhusu mate kukauka haraka. Kwa hiyo kumwashia feni paka mkavu ni kumpepea hewa ya moto. Lowesha kitambaa, kamua, mpitishie kichwani, masikioni, tumboni na nyayoni, halafu washa feni. Hapo itamsaidia.

Nyumba ya bati isiyo na dari, kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, mwezi wa Januari hadi Machi, ni tanuri. Nje ni nyuzi 32 au 33, lakini chini ya bati ni zaidi, na chumba kilichofungwa kinazidi hapo. Paka wako amekuonyesha mwenyewe mahali salama: koridoni. Usimtoe hapo, na milango ya mbele na ya uani iache wazi upepo upite, hata kama itabidi uweke wavu. Kama mnaweza kupiga dari kwenye chumba kimoja tu, fanyeni, hata ya mkeka. Nyumba zetu za zamani za matumbawe na chokaa zilikuwa na kuta nene zilizobaki baridi mpaka alasiri, na nikienda kutibu paka kwenye zile zilizosalia naona tofauti mara moja. Jaza maji chupa ya lita moja na nusu, igandishe, izungushie kanga kuukuu uiweke karibu naye, atajiegemeza mwenyewe. Maji ya kunywa yaweke kwenye chungu cha udongo, yanabaki baridi kama ya mtungini, tena kipana, maana Maine Coon wanapenda kuchezea maji kwa mkono kabla ya kunywa. Usishangae ukikuta sakafu imelowa.

Dalili za joto kumzidi ni hizi: mate yanatiririka, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba, anahema haachi. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mmwagie maji ya bomba ya kawaida, sio ya barafu, maana barafu hubana mishipa ya ngozini na kuufungia moto ndani. Mpulizie feni, mlete hapo hapo. Usimnyweshe kwa nguvu. Na tafadhali, asifungiwe stoo wala ndani ya gari, hata kwa dakika kumi za kwenda sokoni.

Chakula ndicho kilichonihuzunisha kwenye barua yako, ingawa najua nyumba nyingi za Tanga paka hula hivyo. Paka wa mtaani anayekula ugali na dagaa kwako anajazia kwa panya na mijusi huko nje. Wako hatoki, kwa hiyo sahani yako ndiyo dunia yake yote. Ugali haumfai, hana kazi nao. Mwili wa paka unahitaji kitu kinachoitwa taurini ambacho hawezi kujitengenezea vya kutosha, na kimo kwenye nyama na samaki peke yake. Kikipungua, moyo unalegea na kutanuka, na macho yanaharibika taratibu hadi upofu. Uhusiano huo wa taurini na moyo ulithibitishwa Marekani mwaka 1987. Kwa paka ambaye tayari tunauogopea moyo wake, hatuwezi kuuchezea. Moyo wa ng'ombe au wa kuku na nyama nyekundu ya paja la kuku vina taurini nyingi. Chemsha kidogo, na mchuzi wake mpe pia, kwa sababu taurini hutoka na maji, ukimwaga mchuzi umemwaga dawa.

Samaki mbichi acha kabisa. Baadhi ya samaki wetu, jamii ya dagaa wakiwemo, wana kimeng'enyo kinachoiharibu vitamini B1 tumboni mwake. Paka anayekula hivyo mfululizo huanza kuinamisha kichwa, kuyumba, hata kupata degedege. Ukiwapika, kimeng'enyo hicho kinakufa. Basi dagaa walowekwe watoke chumvi, wapikwe walainike na mifupa yao, hiyo ndiyo kalsiamu yake, wawe sehemu tu ya chakula. Kwa uzito na umri wake, jumla ya robo kilo hadi gramu 300 za nyama na samaki kwa siku, mara mbili au tatu, ndiyo kadiri yake. Ini kipande kidogo mara moja kwa wiki, lisizidi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha. Vitunguu maji na vitunguu saumu visiwemo, vinaharibu damu yake. Kama mfuko unaruhusu, nusu ya mlo iwe chakula cha paka cha dukani kwa vile anakua bado, nacho kihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Kwa hewa yetu, mfuko uliofunguliwa huota ukungu upesi.

Choo chake nakisia mmeweka beseni na maranda ya mbao. Badilisha. Maranda yananasa kwenye manyoya ya mapaja na vishungi vya vidoleni, utayakuta hadi kitandani. Mchanga wa ufukweni ni mwembamba mno, unashika vile vile. Tafuta mchanga mzito wa mto, uoshe, uanike. Beseni liwe mara moja na nusu ya urefu wake bila mkia. Kwa huyu, hata karai la kufulia la plastiki ndilo linalotosha. Punguza manyoya ya kati ya vidole, hapo hatateleza kwenye vigae na hatabeba uchafu. Akiharisha, mkague nyuma siku hiyo hiyo na umwoshe. Nzi wa kwetu hawangoji. Nimeshatoa funza kwenye mapaja ya paka mzuri wa manyoya marefu ambaye kwa juu alionekana ametunzwa, watu hawakuinua mkia tu.

Mama mkwe wako msikilize kwa heshima, maana ana sehemu ya haki. Habari ya unyoya kuingia kifuani ukaleta kifua kikuu tumeikuta kwa wazee wetu, lakini kifua kikuu ni bakteria na huambukizwa na mtu mgonjwa anayekohoa. Pumu ni suala lingine, kweli paka anaweza kuichochea. Kinachochochea si unyoya wenyewe, ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka, anayoipaka manyoyani akijiramba, kisha inakauka na kuelea hewani. Kwa hiyo paka wa manyoya mafupi angemsumbua vile vile. Dume asiyehasiwa anaitoa kwa wingi zaidi. Paka asiingie chumbani kwa mama wala kulala kwenye godoro lake. Mtu mwingine amchane, barazani, mama asiwepo. Sakafu ipigwe deki yenye maji badala ya kufagiwa kwa ufagio mkavu. Pia nakuomba umwambie mama kwa upole kwamba moshi wa udi, ubani na jiko la mkaa unachokoza pumu, tena nao unamkera paka. Akiwa anabanwa kila paka anapopita hata baada ya haya yote, basi afya ya mama inatangulia, nami nitakusaidia kumtafutia paka nyumba nyingine.

Juu ya manyoya kwenye miswala, umeona haya kuuliza lakini wengi huniuliza. Hadithi ya sahaba Abu Qatada na mkwewe Kabsha inajulikana, paka alipoinamishiwa chombo akanywa maji ya udhu, na Mtume akawa amesema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia. Hukumu ya unyoya uliotoka mwilini ni ya sheikh wako. Yangu ni kukupunguzia manyoya yenyewe: mchane kabla ya Magharibi na miswala iwekwe sandukuni.

Kama ndani ya nyumba kuna mjamzito, asiondoe yeye uchafu wa choo cha paka, na choo kisafishwe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma, ambavyo hutoka kwenye kinyesi cha paka na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vinahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza.

Mhasi. Mwezi huu akishapimwa moyo, kwa sababu dawa ya usingizi inataka tuujue moyo kwanza. Dume mzima atanyunyiza mkojo kwenye makochi, atatafuta njia ya kutoka, na nje kuna paka shume ambao hawajali ukubwa wake, watamrudisha na majipu ya kung'atwa. Na kuna watoto wa mtaani. Mara mbili nimeletewa paka wa aina hii wamepigwa mawe kwa kudhaniwa ni fungo au kimburu aliyeingia mjini. Mwonyeshe kwa majirani, wamshike, wamjue jina.

Viroboto kwetu hawana msimu. Ila dawa ya kuogeshea ng'ombe, na ile ya mbwa yenye permetrini inayodondoshwa mgongoni, ni sumu kwa paka. Atatetemeka, ataanguka kifafa, wengine hufa. Soma pakiti, kama hakuna picha ya paka usimtilie. Vivyo hivyo paracetamol: kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinaweza kumuua. Minyoo mpe dawa kila baada ya miezi mitatu. Ukiona vitu kama punje za mchele chini ya mkia, hao ni tegu, naye huwapata kwa kumeza viroboto, basi vyote viwili vitibiwe pamoja.

Kuna kitu kimoja ambacho Tanga tunampa paka huyu kuliko Ulaya yote, nacho ni mkonge. Miti ya kukwaruzia makucha inayouzwa duniani huzungushiwa kamba ya mkonge. Mkonge wenyewe nao ulitoka Amerika: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Nunua kamba isiyopakwa mafuta wala dawa, izungushe kwenye kipande cha mnazi chenye urefu wa mita moja, kizito kisichoanguka kilo hizo zikiparamia. Makochi yenu yatapona.

Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, angelala vizuri mchana, sikatai. Lakini mafundo yatamfuata huko kama hakuna wa kumchana kila siku, na paka anayehamishwa mbali na watu wake hujificha, huacha kula. Kama altrasaundi itaonyesha moyo umenenepa sana, nitabadili kauli na nitakuwa wa kwanza kukwambia mpeleke kwenye ubaridi. Kabla ya hapo, abaki Chumbageni.

Mlete Jumanne, kabla ya saa mbili asubuhi, jua likiwa bado halijapanda. Kwenye bajaji muweke ndani ya kapu la ukili lenye mfuniko, lililotandikwa taulo lenye unyevu. Kapu la plastiki linafungia joto. Asile tangu saa nne usiku, maji anywe. Njoo na daftari la hesabu ya kupumua na kile cheti. Kama chanjo ya kichaa cha mbwa haimo au imepitisha mwaka, nitamchanja siku hiyo, pamoja na ile ya mafua na homa ya matumbo ya paka. Kwapani usimguse mpaka tuonane.